Meneja Asiyesoma Asiguse Akili Mnemba

Nianze kwa kuwaudhi wachache. Semina za akili mnemba kwa mameneja, hizi zinazoota kila mahali kama uyoga, zinawafundisha watu kubonyeza. Kubonyeza hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Kinachowashinda mameneja wetu ni kusoma, na hilo hakuna mtoa mada anayethubutu kuwaambia.

Ushahidi ninao, tena wa nyumbani. Mjomba wangu anasimamia kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Misigiri, wilayani Iramba, pale njia panda ambapo barabara ya Kiomboi inaachana na ile kuu ya Singida kwenda Nzega. Mashine mbili, mizani, vijana wanne na stoo ya mashudu. Msimu uliopita mnunuzi wa mafuta alichelewesha malipo. Wakulima walioacha magunia yao kwa mali kauli wakaanza kuulizia hela.

Mjomba alikuwa ametoka kwenye semina mjini: siku mbili, chai na cheti. Akachukua simu, akaiambia programu imwandikie barua ya kuwaomba wakulima wavumilie. Hata dakika haikuisha, barua tayari. Akaichapisha, akaibandika mlangoni, akaituma na kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa macho ilikuwa barua nzuri. Ilianza kwa "Tunathamini ushirikiano wenu endelevu", kana kwamba wakulima wa alizeti ni ubalozi. Aya ya tatu ikasema malipo yote yatakamilika "ndani ya siku 14 za kazi". Sasa, mjomba hakusema siku 14. Mnunuzi hakusema. Mashine iliziweka yenyewe, kwa sababu barua za aina hiyo huwa na siku.

Mkulima hahesabu siku za kazi. Kwake siku ni siku. Siku ya 14 asubuhi watu walikuwa wamejaa mlangoni. Nilikuwepo, nipo likizo. Bibi mmoja aliyekuwa akidai magunia 11 alisogea na simu ya mjukuu wake mkononi, akasema taratibu: "Mwanangu, si umeandika mwenyewe?" Mjomba akajibu: "Mama, hiyo iliandika kompyuta."

Hilo jibu ndilo ninalolipiga vita hapa.

Msidhani ni ushamba wa Misigiri. Shirika la ndege la Air Canada lilijaribu ujanja huohuo. Programu ya kujibu wateja kwenye tovuti yake ilimwambia abiria aliyefiwa kwamba anaweza kudai punguzo la nauli hata baada ya kusafiri. Haikuwa kweli. Abiria alipodai chake, shirika likajitetea eti programu ile inajitegemea na inawajibika kwa maneno yake yenyewe. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, likalikatalia na kuliamuru lilipe. Kilicho kwenye tovuti yako ni neno lako. Na kilichobandikwa kwenye mlango wa kiwanda chako je?

Hebu tuseme kwa lugha ya kijiweni mashine hizi zinafanya nini. Mwambie mtoto yeyote "haraka haraka", atakumalizia. Hajui kama una haraka, wala hajali kama una baraka. Ameisikia mara nyingi, basi. Programu kama ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, msingi wake ni huo: imelishwa maandishi mengi kuliko ambayo binadamu angeyasoma maisha yake yote, na kazi yake ni kukisia neno linalofuata. Inakisia vizuri mno, kiasi kwamba tunasahau kuwa ni kukisia. Pale ambapo barua huwa na tarehe, itaweka tarehe. Haidanganyi, maana mwongo ni lazima aijue kweli kwanza.

Ukishaelewa hilo, matumizi ya kila siku yanajipanga yenyewe. Swali ni moja tu: je, ninaweza kukikagua ilichoniandikia? Kufupisha mihtasari ya kikao ulichokaa mwenyewe, sawa, kwa kuwa unakumbuka kilichosemwa. Kukuandikia rasimu ya barua ya Kiingereza kwa muuza vipuri, sawa, mradi uisome. Kukuorodheshea maswali ambayo ofisa mikopo wa benki anaweza kukuuliza, vizuri sana. Lakini bei ya alizeti wiki hii, hapana, piga simu. Kifungu cha sheria, hapana, kitafute chenyewe. Ahadi ya hela ya mtu, kamwe. Na orodha ya wakulima yenye majina, namba za simu na madeni yao usiimwage humo kwa sababu tu una haraka: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023.

Kuna watakaosema naturudisha nyuma. Hapana. Tazameni Nuru, programu ya mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, iliyotengenezwa pamoja na watafiti wa IITA. Unaelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, inakuambia kama lina batobato au michirizi ya kahawia, hata pasipo na intaneti, kwa Kiswahili. Picha za mwanzo za kuifundisha zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo, na wataalamu wakasema jani hili lina nini na lile lina nini. Yaani kuna watu waliotazama kwanza, jani kwa jani. Na mkulima anabaki na jani mkononi, anaweza kubisha.

Sasa nasi wapenda fasihi, tusikae pembeni tukicheka. Ile "ushirikiano wenu endelevu" haikutoka mbinguni. Mashine imeokota Kiswahili tulichokiacha mtandaoni, na tulichokiacha kwa wingi ni taarifa kwa umma, hotuba za mgeni rasmi na tafsiri za harakaharaka. Kiswahili cha mtu anayemdai mwenzake na bado anamheshimu kipo Misigiri, kipo kila gulioni, lakini kimeandikwa kidogo. Sisi tunaojiita wasomaji tunakutana humu kubishana juu ya riwaya, na hatujawahi kumwambia mjomba yeyote kwamba ujuzi ule wa kuuliza "nani anasema hapa, na amejuaje?" ndio huohuo anaouhitaji mbele ya simu yake. Tumeuficha ujuzi wetu kama mali ya mtihani.

Kwa hiyo mwenye semina, ongeza siku ya tatu. Wape mameneja barua kumi za mashine na kalamu nyekundu. Wasiotoa kosa hata moja wasipewe cheti.

Mjomba aliuondoa waraka ule jioni. Alikaa kwenye gunia la mashudu na daftari la hesabu, akafuta mara mbili, akaandika kwa mkono: "Hela bado. Mnunuzi hajanilipa. Sijui siku. Kila Jumatatu nitakuwepo hapa, njooni niwaeleze nilikofikia."

Jumatatu yule bibi alikuja. Hakupata hela. Alikaa, akaelezwa, akaondoka bila kumpazia mtu sauti.