Upekuzi na Kosa la Zamani

Mtu aliyewahi kutiwa hatiani mahakamani, je, aweza kukabidhiwa funguo za masijala ya siri? Vijana wa Chama wametuuliza, nasi twajibu kwamba neno “hatia” peke yake halitoshi kumfungia mtu mlango.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alitiwa hatiani kwa kashfa, kwa maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa kikoloni. Aliamriwa kulipa shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, akalipa. Mwaka 1961 alikuwa Waziri Mkuu. Kenya nako, Mzee Kenyatta alihukumiwa mwaka 1953 kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Sheria ya wakoloni ilimzuia mtu aliyefungwa zaidi ya miaka miwili asiingie katika Baraza la Kutunga Sheria, wala haikuuliza alifungwa kwa nini. Ilibidi irekebishwe ndipo Mzee akaingia Barazani Januari 1962.

Lakini tusidanganyane. Wapo watakaotaka kujificha nyuma ya majina hayo makubwa. Karani aliyekula fedha za pamba za wakulima hakuwa akipigania uhuru wa mtu. Huyo asikabidhiwe kasiki, hata akiwa na kadi ya Chama. (Na hasa akiwa nayo.)

Kijana aliyepigana kilabuni akiwa na miaka 18, akalipa faini, na leo ana miaka 40 na ameshika hazina ya ushirika bila senti kupotea, ni mtu mwingine. Katiba ya 1977 humzuia mgombea ubunge aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu. Ikiwa kosa la mbunge huhesabiwa miaka, la karani lisihesabiwe kwa nini?

Jambo tunaloliogopa zaidi ni kuficha. Mwenye kuficha kosa ana mabwana wawili: Serikali, na yule aijuaye siri yake. Huyo wa pili aweza kumwambia, “Nipe faili lile, ama nitasema.” Kosa lililokwisha kutajwa halimpi mtu nguvu hiyo.

Kwa hiyo twaitaka Serikali: anayekataliwa katika upekuzi aambiwe sababu, apewe na nafasi ya kujibu. Nao wanachama wanaojaza fomu waandike kosa lao, mwaka, na mahakama iliyowahukumu.