Pingamizi za wananchi si karatasi za kufungia maandazi

MANISPAA za Dar es Salaam zina ugonjwa mmoja. Mwenye fedha akitaka kupandisha ghorofa katikati ya nyumba za watu, linatolewa tangazo kwamba mwenye pingamizi alilete. Mwananchi akililete, wakubwa wanaziba masikio.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kujenga katika eneo la mipango bila kibali. Anayetoa kibali ni halmashauri. Maana yake ombi la tajiri linaingia mlango huo, pingamizi la mlalahoi linaingia mlango huo huo, na uamuzi unatokea humo humo. Halmashauri isiposikia na ukataka kwenda mahakamani, wakili hapatikani kwa nauli ya daladala.

Tazameni mchezo unavyochezwa. Barua ya pingamizi inapelekwa masjala. Kesho yake unaambiwa faili liko kwa mkubwa. Ukirudi, mkubwa yuko semina. Ukirudi tena, faili halionekani. Safari ya nne unakuta mabati yameshazungushwa, tingatinga linachimba msingi, na vijana waliokuwa wakipiga chandimu pale wanafukuzwa na mlinzi. Diwani akibanwa, anajibu kuwa suala lilishapita Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Lilipitaje? Nani aliisoma ile barua? Ilikataliwa kwa sababu gani? Kimya!

Hatusemi mji usijengwe. Vijana ndio wenye shida ya nyumba kuliko wote. Wengine wanabanana watatu chumba kimoja. Tunachosema ni kwamba jirani anajua mambo ambayo ramani ya ofisini haiyaonyeshi. Anajua maji ya mvua yanapita wapi, choo cha nani kinafurika, na gari la zimamoto litakwama kona ipi.

Tena anajua kwa gharama ya roho yake. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya 20. Anayekaa ubavuni mwa jengo ndiye wa kwanza kuona ufa, na ni rahisi awe wa kwanza kufukiwa. Huyo ndiye anayefungiwa mlango?

Ubishi huu si wa leo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kuwamwagia taka, wakashinda Mahakama Kuu. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji akakataa na kulikumbusha haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Jiji lilifanya nini? Likazihamishia taka Kunduchi Mtongani! Wakazi huko, zaidi ya 700, nao wakaenda mahakamani mwaka huo huo, nao wakashinda. Lingewasikiliza watu mapema, lisingeaibika mara mbili.

Madai yetu ni manne. Tangazo libandikwe kwenye kiwanja chenyewe na ofisi ya Serikali ya Mtaa, kwa Kiswahili cha kueleweka. Aliyeweka pingamizi aitwe mbele ya Kamati ajieleze. Ajibiwe kwa maandishi, na sababu zitajwe. Na mpaka atakapojibiwa, hata koleo moja lisiguse udongo.

Nanyi vijana, kulalamika kijiweni hakutoshi. Andikeni barua, wekeni sahihi mtaa mzima, hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa, na muitunze. Faili la ofisini likipotea, la kwenu lipo.

Wakubwa wamezoea kusema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wakumbuke kwamba maji ni ya kijiji, na diwani ni wa kupigiwa kura.