"Yameisha, Usiyafukue": Madai Matano Kuhusu Tiba Simulizi

Ukigusia mwaka 2017 ukiwa Kibiti, mkoani Pwani, hata barazani kwa watu mnaoheshimiana, usishangae kujibiwa kwa mkato: "Yameisha, usiyafukue." Sababu wanazo. Kati ya 2015 na 2017 wenyeviti wa vijiji, watendaji na polisi waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga; tarehe 13 Aprili 2017 peke yake waliuawa askari 8. Zipo familia zinazosema ndugu zao walichukuliwa na hawajaonekana tena. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji nayo yakabeba nyumba na mashamba. Pamoja na mizigo yote hiyo, ukimtaja mnasihi, na hasa anayetumia tiba simulizi, madai yanaanza. Nayajibu moja moja.

Dai la 1: "Hizo ni hadithi tu, hata bibi anazo."

Bibi anazo, na ni tamu. Ila kwenye tiba simulizi msimuliaji ni wewe, na kinachokaguliwa ni ile habari unayojiambia kuhusu nafsi yako, ambayo pengine ulibandikwa na wengine: "mwoga", "mwenye mkosi". Njia hii ilijengwa miaka ya 1980 na Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand. Msingi wake ni kwamba mtu si tatizo. Tatizo ndilo tatizo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima mmoja hushtuka kila asikiapo pikipiki usiku, kwa kuwa wauaji walikuwa wakija na pikipiki. Mnasihi hamwambii ajikaze. Anamuuliza, "Hicho kinachokuamsha, mzee wangu, ungekipa jina gani?"

"Mlio."

"Mlio ukija unakuamuru nini?"

"Nizime taa, nisitoke."

"Ipo siku uliukatalia?"

Mzee anafikiri. "Mwanangu alipozidiwa. Nilitoka saa nane usiku kutafuta usafiri."

"Moyo huo uliutoa kwa nani?"

Hapo anamkumbuka bibi yake, aliyekuwa akilala peke yake dunguni katikati ya mpunga, akifukuza nguruwe kwa kugonga debe. Mlio haujaondoka. Lakini sasa una mpinzani, na mpinzani huyo ana ukoo.

Dai la 2: "Ni mambo ya Wazungu."

Chimbuko lake ni huko, sikatai. Ila mojawapo ya mazoezi yake yanayotumika sana duniani, Mti wa Uzima, lilizaliwa kusini mwa Afrika. Ncazelo Ncube, mwanasaikolojia wa Zimbabwe, alilibuni pamoja na David Denborough wa Australia kwa ajili ya watoto walioathiriwa na UKIMWI. Mtoto huchora mti: mizizi ni alikotoka, shina ni anayoyaweza, matawi ni matumaini, majani ni watu wake. Mtoto wa delta ya Rufiji anaweza kuchora mkoko, mti ambao mizizi yake inaonekana wazi juu ya tope.

Dai la 3: "Ukisema, utajitafutia balaa."

Hili ndilo dai zito, na anayelicheka hakuwapo Kibiti. Kuna wakati neno moja lilitosha kumponza mtu. Kwa hiyo kunyamaza hakukuwa woga. Kulikuwa akili ya kujihifadhi. Mnasihi mzuri huanza kwa kuuheshimu ukimya huo: umemlinda nani, na leo unakugharimu nini?

Tena tiba simulizi haidai utaje majina wala ueleze nani alifanya nini. Watu huichanganya na tiba nyingine, ile inayompitisha mtu katika tukio lenyewe hatua kwa hatua, iliyojaribiwa Uganda kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia katika makazi ya Nakivale. Ile ina ushahidi mzito zaidi wa utafiti kwa majeraha ya vita. Hii huanzia kwenye maisha yako ya leo, nawe ndiye unayeamua mlango upi ufunguliwe.

Hata hivyo, siri ina mipaka. Kabla hujasema lolote, uliza: "Utaandika nini, nani atasoma, na ni jambo gani litakulazimu umwambie mtu mwingine?" Akibabaika, aga uondoke. Ama kuhusu "yameisha", yaliyoisha hayamwamshi mtu saa nane usiku.

Dai la 4: "Ni njia ya kukwepa lawama."

Hoja ni kwamba mpiga mke atasema hasira ndiyo iliyompiga. Akisema hivyo, kazi haijaanza. Ukishaiweka hasira pembeni, maswali yanamrudia yeye: ikikuita, ni nani anayeitika? Nani analipa? Siku ulipoikatalia ulifanyaje? Na kipigo kinabaki kuwa kosa, kwa hiyo Dawati la Jinsia na Watoto polisi lina kazi yake palepale.

Dai la 5: "Mshauri ni mshauri, na huku hakuna."

Kumpata aliyesomea tiba simulizi hasa ni kazi, na mtu wa Mbwera, kule deltani, husubiri maji yajae ndipo boti itoke. Anzia zahanati au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, uulize rufaa na kama mnasihi anaweza kuendelea nawe kwa simu. Kwa mtoto, piga 116 bure. Shehe au mchungaji anaweza kuwa msikilizaji mwema pia, ila naye muulize lile swali la siri.

Muulize mnasihi amesomea wapi, nani anamsimamia, na huwa anafanyaje mteja asipokubaliana naye. Mkimbie anayekuambia uache dawa za hospitali, anayekupa jibu kabla hujamaliza sentensi, au anayekusimulia habari za mteja mwingine, maana kesho atasimulia zako. Na anayesikia sauti wasizosikia wengine, au anayefikiria kujiua, asisubiri mazungumzo. Apelekwe hospitali leo, asiachwe peke yake.

Kikao cha kwanza hakikufungi. Nenda, sikiliza anavyokusikiliza, na usiporidhika tafuta mwingine.