Kundi la Watoto Sita, Kazi ya Mmoja

Mtaala wa umilisi, huu tuliozoea kuuita CBC, unataka mtoto ajifunze sayansi kwa kutenda na kwa kushirikiana na wenzake. Hilo naliunga mkono. Ninachoteta nacho ni namna ushirikiano wenyewe unavyoendeshwa katika baadhi ya shule zetu za umma hapa Pwani.

Muhula uliopita niliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa la Gredi ya 5. Somo lilikuwa kutenganisha michanganyiko: mchanga, chumvi na maji. Watoto walipita 60, vikundi 10, kila kikundi kopo moja na kitambaa kimoja cha kuchujia. Katika kundi lililokuwa karibu nami, mvulana mmoja alilishika kopo tangu mwanzo hadi mwisho, na mwenzake akamshikia kitambaa. Wasichana wawili waliambiwa waandike. Waliobaki walikuwa wakichungulia dirishani. Mwalimu alipouliza wamepata nini, akajibu yule yule wa kopo, na kundi zima likapigiwa makofi.

Mwalimu simlaumu. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2003 madarasa yalifurika, na mtu mmoja hawezi kuwachunga watoto 60 wote kwa dakika chache. Lakini dawa ya jambo hili haingoji bajeti kutoka Nairobi.

Mwaka 1971, huko Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto weupe na weusi na darasani hapakukalika. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wakaligawa somo vipande. Kila mtoto akapewa kipande chake, akajifunza, kisha akawafundisha wenzake wa kundi. Mtihani kila mmoja aliufanya peke yake. Asiyemsikiliza mwenzake alijinyima mwenyewe.

Kwetu ingekuwa hivi: mmoja ajifunze kuchuja, mwengine kuvukiza maji ili chumvi ibaki, mwengine kutumia sumaku, kisha wafundishane. Wa kujibu apatikane kwa kura, asiwe yule mwepesi wa kunyoosha mkono. Waliopita chuoni wanaijua sehemu ya njia hii: mwanafunzi mkubwa humsikiliza mdogo, lakini mbele ya maalimu kila mmoja husoma mwenyewe.

Kuna wazazi wanaolalamika kuwa mtoto wao mwerevu anacheleweshwa na wenzake. Mimi naona kinyume. Anayelazimika kumweleza mwenzake kwa nini chumvi hupenya kitambaani na mchanga haupenyi, ndiye anayelielewa jambo hilo barabara.

Hasara iko kwa wale wasichana wa daftari. KPSEA wataifanya kila mtu peke yake, na matokeo yake hubeba asilimia 20 ya alama zinazompanga mwanafunzi katika shule ya upili. Huko, Gredi ya 10, kuna njia ya sayansi na teknolojia, kuna ya sayansi ya jamii, kuna ya sanaa na michezo. Msichana ambaye miaka yote alikuwa karani wa kundi ataichaguaje sayansi?

Maafisa wa elimu mnaozuru shule, msitosheke kuona madawati yamepangwa kwa vikundi. Mchague mtoto aliyekaa pembeni kabisa, mumuulize alichokifanya yeye.