Matarajio ya Mwanafunzi wa Udaktari Mbele ya Kitanda cha Mgonjwa

Kila mwaka, miezi ya Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vya afya nchini Tanzania hupokea wanafunzi wapya wa shahada ya udaktari. Wengi wametoka kidato cha sita katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Wamefika na sanduku, ndoo, barua ya udahili na wasiwasi kuhusu mkopo. Katika wiki hiyo ya kwanza huulizwa na walimu na wenzao wa bweni wanatarajia nini katika miaka mitano iliyo mbele yao. Majibu hayatofautiani sana. Mmoja anataka kuwa bingwa wa upasuaji, mwingine bingwa wa watoto. Huyu anatumaini kujifunza kuzungumza mbele ya watu bila kutetemeka, yule kuondokana na woga wa damu ambao hajamwambia mtu. Karibu wote wanataka siku moja kuwajengea wazazi nyumba.

Hakuna la kubeza hapo. Matumaini hayo ndiyo yanayomwamsha mwanafunzi usiku wa manane akakariri neva na misuli ya mkono, na aghalabu si yake peke yake. Nyuma yake yupo mama aliyeuza mazao, kaka aliyeahirisha mipango yake mwenyewe, na kijiji ambacho kimeshamwita daktari kabla hajaingia chumba cha anatomia. Likizo ya kwanza tu, majirani humletea vidonge walivyopewa hospitali wamuulize ni vya nini. Naye, ambaye mpaka hapo amesoma seli na kemia ya damu, huvigeuzageuza mkononi akitafuta la kusema.

Swali la majirani hao lastahili kutazamwa kwa makini. Walikwenda hospitali, wakaonwa, wakapimwa, wakapewa dawa, wakarudi nyumbani bila kujua wanaumwa nini wala wakiacha dawa itakuwaje. Wamesubiri mtoto wa jirani arudi chuoni ndipo waulize. Ni nadra kumsikia mwanafunzi mpya akisema kwamba tarajio lake ni kuwa daktari ambaye mgonjwa wake hatahitaji kumuuliza mtoto wa jirani. Ustadi huo hudhaniwa kuwa utakuja wenyewe, kwa kuwa kila mtu anajua Kiswahili. Hauji wenyewe. Mara nyingi miaka ya chuo huupunguza hata ule mdogo aliokuja nao mwanafunzi.

Sababu si ngumu kuiona. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili. Kuanzia kidato cha kwanza hadi anapohitimu udaktari, kila anachojifunza kuhusu mwili wa binadamu hukipokea kwa Kiingereza. Kongosho alilijua akiwa darasa la saba. Akifika mwaka wa tatu wa chuo anaweza kueleza homoni zake zote, lakini akiulizwa na mgonjwa wa kisukari kongosho ni kitu gani, husita. Maarifa yake yamekua katika lugha moja, na mtu anayekusudiwa kunufaika nayo anaishi katika lugha nyingine.

Pengo hilo huonekana wazi zaidi katika raundi za wodini, pale mwanafunzi anapoanza kujifunza kwa wagonjwa badala ya vitabu. Kundi linazunguka kitanda. Mwanafunzi anasimulia historia ya ugonjwa kwa Kiingereza, mwalimu anauliza, anasahihisha, anakaripia kidogo, wenzake wanaandika. Aliyelala katikati ya mzunguko huo anasikia jina lake, anaona vidole vikielekezwa tumboni mwake, anajaribu kusoma nyuso. Akiona mmoja ametikisa kichwa, huamini kwamba amehukumiwa kifo, kumbe mwanafunzi amekosea kipimo cha dawa. Kisha, wanapoondoka, mmoja hugeuka na kusema, “Umeelewa, mama?” Naye hujibu, “Ndiyo, daktari.” Angejibu nini kingine mbele ya makoti meupe kumi?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya adabu tu, na kwamba tiba yenyewe haibadiliki. Historia ya afya katika pwani ya Tanzania inaonyesha vingine. Katika miaka ya 1990 watafiti wa malaria walioshughulika wilayani Bagamoyo walikuta kwamba wazazi waliijua vizuri homa ya malaria na waliipeleka hospitali. Lakini mtoto alipokakamaa, akageuza macho na kutoa povu, jina la ugonjwa lilibadilika: hiyo haikuwa malaria tena, ilikuwa degedege, na degedege lilihesabiwa kuwa la mganga kwanza. Kufukiza na kupaka dawa za asili kulitangulia, na wapo walioamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Saa ambazo malaria kali humaliza uhai wa mtoto zilipotea hapo, katikati ya maneno mawili. Mtumishi wa afya aliyesema “malaria” siku nzima alikuwa hajasema lolote kuhusu degedege. Mama hakupuuza elimu ya afya. Elimu hiyo ilikuwa inazungumzia ugonjwa mwingine.

Mwanafunzi anayetaka kukua katika taaluma yake hana budi kulijua neno la mama sawasawa na anavyolijua la kitabuni, pamoja na yote yaliyobebwa ndani yake. Chango, kichomi, mshipa, presha ya kupanda: haya yana ramani zao za mwili, na mgonjwa huzifuata anapoamua aende hospitali lini na aache dawa lini. Mtu anayeamini kwamba presha ni ile anayoihisi kichwani ataacha vidonge siku kichwa kinapotulia, na hatakuwa mkaidi kwa kufanya hivyo. Atakuwa amefuata mantiki ya neno alilopewa. Wala mwanafunzi asidhani kwamba maneno ya wagonjwa ni ya kusahihishwa tu. Chikungunya, jina linalotumiwa leo na madaktari wa dunia nzima, ni neno la Kimakonde. Ugonjwa ulipolipuka katika nyanda za Makonde mwaka 1952, waliougua ndio waliousema kuwa unamkunja mtu, na walioueleza kitaalamu miaka mitatu baadaye walikuwa na busara ya kulichukua jina hilo kama lilivyo. Mwanafunzi hulikariri katika somo la virusi na pengine asijue kwamba anamnukuu mgonjwa wa Newala.

Yapo pia mambo madogo kuliko hayo, madogo kiasi kwamba hayapati nafasi katika mhadhara wowote. Dawa mseto ya malaria hunywewa dozi ya kwanza, kisha ya pili baada ya saa nane, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mzazi aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa moja usiku anatakiwa ampe ya pili saa tisa usiku. Lakini akiambiwa kwa haraka dirishani, “ya pili saa nane,” anaweza kusubiri hadi saa nane mchana wa kesho yake, na saa kumi na tisa zitakuwa zimepita. Au bahasha ya dawa iliyoandikwa 1 x 3: aliyezoea huisoma mara moja, lakini bibi aliyeipokea kwa mara ya kwanza anaweza kumeza vitatu kwa mpigo baada ya uji, akashukuru kwamba kazi ya siku imekwisha. Kosa la namna hiyo haliandikwi kwenye faili. Mgonjwa akirudi hajapona, huonekana kwamba dawa imeshindwa, naye huongezewa nyingine.

Hoja inayopingana na haya ni nzito, na si haki kuipita. Kiingereza ndicho lugha ya majarida ya utafiti, ya mikutano na wataalamu wa nchi nyingine, ya mitihani ya ubingwa. Daktari asiyekimudu atafungiwa milango mingi. Isitoshe, Kiswahili nacho si lugha ya kila mgonjwa. Mzee aliyefikishwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa akijua Kisukuma tu hatasaidiwa na Kiswahili fasaha cha chuoni. Na wodi zimejaa, muda hautoshi. Yote ni kweli. Lakini yanayodaiwa hapa hayahitaji kubadilisha lugha ya kufundishia wala kuongeza mwaka wa masomo. Kabla kundi halijahama kitanda, mwanafunzi mmoja abaki nyuma amweleze mgonjwa yaliyosemwa juu yake, kwa Kiswahili, au kwa msaada wa ndugu au muuguzi anayejua lugha ya nyumbani. Badala ya “umeelewa?”, aulize, “Ukifika nyumbani utamweleza vipi mwenzako namna ya kunywa dawa hii?” Na katika mtihani wa wodini, alama zitolewe kwa maelezo hayo kama zinavyotolewa kwa kupima wengu. Wanafunzi hujifunza kile wanachotahiniwa. Hilo walimu wanalijua kuliko mtu yeyote.

Wauguzi wangepewa nafasi kubwa zaidi katika kazi hii. Muuguzi aliyekaa wodi ya wazazi miaka ishirini ana hazina ya maneno ambayo hakuna kamusi iliyoyakusanya yote, na mwanafunzi mwerevu huligundua hilo mapema. Yule asiyegundua huendelea kumwona kama mtu wa kumtafutia glavu.

Kuhusu makuzi ya nafsi, ambayo wanafunzi huyataja kwa jina la kujiamini, huenda mafunzo makubwa yakatoka mahali wasipopatarajia. Kijana wa miaka ishirini na mbili huingia wodini na koti lake jipya, na mzee wa umri wa babu yake humtangulia kusema, “Shikamoo, daktari.” Utaratibu wote aliolelewa nao umegeuzwa na kipande cha kitambaa. Wengine huitikia marahaba, wakazoea. Mwingine huona haya, humwahi mzee huyo kesho yake kwa shikamoo yake mwenyewe, akavuta kiti akakaa. Na mzee anayeamkiwa na kijana aliyeketi karibu naye husema mengi ambayo asingeyasema kwa mtu aliyesimama. Hapo hupatikana kwamba dawa za wiki iliyopita hazikununuliwa, au kwamba alikunywa za jirani. Kujiamini kwa namna hiyo hakufanani na kule alikokuja akikutafuta, kwa maana kunaanza na uwezo wa kusema “sijui, nitamuuliza mwalimu wangu” bila kujihisi amedogoshwa.

Baada ya miaka mitano hiyo huja mwaka mmoja wa mafunzo kazini, na anayeupitia huitwa daktari mtarajali. Ni jina linalosikika kana kwamba matarajio yamo ndani yake. Wagonjwa nao wanatarajia, na hawana sababu ya kutarajia kimya kimya. Mgonjwa anayekubali kuguswa, kuulizwa maswali yaleyale na watu watano na kusikilizwa moyo mara sita kwa asubuhi moja, anafundisha. Ana haki ya kuambiwa anayemshika ni mwanafunzi, ana haki ya kusema amechoka, na ana haki ya kudai ujira pekee unaowezekana hapo: maelezo anayoyaelewa. Akisema, “Mwanangu, hujanieleza bado,” atakuwa amemsaidia kijana huyo kuliko akimjibu ndiyo.

Chukua mfano wa bibi anayeruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya aina tatu vya presha. Mwanafunzi wa mwaka wa nne ameketi ukingoni mwa kitanda na bahasha mapajani. Ameeleza mara moja, kisha amemwomba bibi aeleze. Bibi ameanza vizuri, amekipatia kidonge cha asubuhi, akavichanganya viwili vilivyobaki, na mwisho akasema atavinywa mpaka kichwa kitakapoacha kumuuma. Raundi imeshafika kitanda cha tano na mwalimu anaita. Mwanafunzi anainua mkono kuomba dakika mbili, anamwaga vidonge upya kwenye kiganja, na wanaanza tena na kile cha asubuhi.