Usisimamishe nguzo kabla hujapasua gogo

Mvua ziko karibu, na huku Mufindi swali ninaloulizwa sana na vijana wenye mashine za kupasulia mbao ni hili: "Bwana shamba, banda la mashine nijenge la ukubwa gani?" Natoa maoni yangu leo, na najua wengine hamtayapenda. Usijenge kwanza. Pasua mbao wiki mbili tatu chini ya turubai, halafu ndio usimamishe nguzo ya kwanza.

Nasema hivi kwa sababu nilishakosea. Kuna kijana alinunua mashine ya msumeno wa mkanda, ile ya kuvutwa na pikapu. Akaniletea mchoro wa banda, nikauangalia, nikamwambia uko safi. Nguzo kila mita 3 pande zote, kenchi nzuri, bati geji 28. Kwa banda la kuku au ghala la mahindi nisingeona kasoro. Lakini yeye anapasua mbao za futi 12, yaani gogo la karibu mita 3.7. Na gogo haliingii kwenye mashine hii kwa kichwa, linaviringishwa kwa ubavu. Sasa gogo la mita 3.7 litapitaje kati ya nguzo zilizoachana mita 3?

Halikupita. Vijana wake walihangaika kuligeuza siku kadhaa, wakachoka, wakakata nguzo moja ya katikati. Bati likaanza kulala. Januari ikaja mvua ya upepo usiku, upande mzima ukashuka juu ya mashine. Tunashukuru hapakuwa na mtu chini. Lakini bati, mbao na hela ya fundi vilipotea, na mashine ikasimama wakati oda zipo mkononi. Kosa lile ni langu pia. Niliangalia paa, sikuangalia gogo.

Najua kuna atakayesema: mashine yenyewe ni ya kuhama, banda la nini? Ni hoja nzuri. Kama kazi yako ni kufuata mashamba ya watu, turubai linakutosha, hela yako weka kwenye misumeno ya akiba. Ila kama magogo yanaletwa kwako, utalihitaji banda. Opareta anayenyeshewa hafanyi kazi vizuri, na injini na umeme wa mashine havipendi maji.

Kwa hiyo hizo wiki za turubai zitumie kuangalia, na kila unachoona kiwekee kijiti ardhini.

Kwanza, njia ya gogo. Linatua wapi, linaviringika kupitia wapi? Kama eneo lina mteremko kidogo, magogo yakae juu na mbao zitokee chini, mteremko ukusaidie kazi. Lakini weka vizuizi imara, gogo likianza kushuka lenyewe halimsubiri mtu.

Pili, upepo. Panga opareta asisimame unga wa mbao unakopeperushiwa.

Tatu, mabanzi na unga wa mbao vinatolewa upande gani. Ukisahau hili, ndani ya mwezi mmoja banda limejaa takataka na huna pa kukanyaga.

Nne, mtu anayebadilisha msumeno anahitaji nafasi gani kila mwisho wa mashine.

Ukishaona vijiti vyako, vipimo vinajitokeza. Chukua mashine yenye kitanda cha mita 5.5. Ongeza angalau mita 1.5 kila mwisho, unapata mita 8.5. Upana, mimi naanzia mita 7: nafasi ya magogo, mashine, na upande wa kupokelea mbao. Upande wa kupakilia, uwazi uwe urefu wa gogo lako refu kuliko yote na karibu mita 1 kila upande. Kwa gogo la futi 12 hiyo ni kama mita 5.7 bila nguzo katikati. Boriti ya kubeba paa juu ya uwazi huo usikisie. Mpelekee fundi anayejua hesabu ya mzigo, mlipe. Ni rahisi kuliko kununua bati mara mbili.

Faida nyingine ya kusubiri ni kwamba mbao za banda unajipasulia mwenyewe. Ila kumbuka paina mbichi inasinyaa ikikauka, na misumari inalegea. Kwenye maungio makubwa tumia bolti, na baada ya miezi michache rudi na spana ukaze tena. Kila kona weka mbao za mshazari kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye boriti. Banda hili halina kuta, hivyo mishazari ndiyo inayozuia lisiyumbe. Na kenchi zifungwe kwenye boriti kwa chuma, maana kwenye banda la wazi upepo unaingia chini ya bati na kulinyanyua.

Nguzo nunua za mlingoti zilizotiwa dawa. Ukilazimika kuikata, kata upande wa juu, sio ule unaoingia ardhini, kwa sababu dawa haifiki hadi kwenye kiini, na ukikata chini unawafungulia mchwa mlango. Vipande vinavyobaki usivipikie, moshi wake una sumu.

Mwisho ni moto. Unga mkavu wa mbao, mafuta na injini ya moto viko sehemu moja. Fagia kila jioni, mafuta yakae nje ya banda, na mtungi wa kuzimia moto uwe mahali opareta anaufikia bila kuvuka mashine.

Vijana wangu, najua ukishanunua mashine unatamani wiki hiyohiyo watu waone banda linang'aa. Lakini anayelipa ni mteja wa mbao, naye haangalii bati. Yule kijana wangu alijenga tena, safari hii baada ya kupasua kwanza. Uwazi wa magogo ni mita 6, na bati jipya halikutosha, nusu ya paa ni yale ya zamani yaliyonyooshwa kwa nyundo. Halipendezi, lakini magogo yanaingia.