Mashine ya Kupumulia Nayo Inahitaji Mlezi

Mama anayepuliza uji wa mtoto anajua jambo ambalo wahandisi wamelitumia kuundia vipimo: hewa inayopita huondoa joto, na ikipita kwa kasi huliondoa upesi zaidi.

Katika baadhi ya mashine za kumsaidia mgonjwa kupumua, hewa hupimwa hivyo kwa kipande kidogo cha silikoni, ile ile inayotengenezewa kompyuta. Tangu mwaka 1974 wataalamu van Putten na Middelhoek wa Uholanzi walieleza kipimo cha namna hiyo. Siku hizi huwekwa utando mwembamba kuliko unywele. Katikati yake kuna kipasha joto, na kila upande kipimajoto. Hewa ikitulia, vipimajoto husoma sawa. Ikipita, hupeleka joto upande inakoelekea. Tofauti hiyo huonyesha hewa ni kiasi gani, na kama mgonjwa anavuta pumzi au anaitoa.

Lakini kinachopima kwa joto hudanganywa na chochote kinachozuia joto. Vumbi likitanda juu yake, au unyevu wa pumzi ukigeuka matone, kipimo huharibika. Namba huendelea kuonekana kwenye kioo, nasi twadhani yote ni salama. Mtoto mchanga wa kilo 3 huvuta kama mililita 15 tu kwa pumzi moja, yaani vijiko 3 vya chai. Kwake, kosa dogo si dogo.

Kwa hiyo nasema wazi: tunapochangia mashine ya hospitali, au kupokea ya msaada, tuulize kwanza. Nani ataisafisha? Vichujio vipya vitatoka wapi? Fundi yupi atahakiki vipimo vyake? Sehemu ya mchango itengwe kwa kazi hiyo tangu siku ya kwanza.

Wapo watakaosema, fedha ni chache, tupate mashine kwanza. Nawaelewa. Lakini pasipo mashine, muuguzi hukitazama kifua cha mgonjwa. Penye mashine inayosema uongo, huenda akaitazama namba peke yake.

Basi, ukimwona muuguzi ameacha kioo na kuinama kutazama kifua cha mwanao, usimlaumu kwamba hajui mashine. Mshukuru.